Dawa ya Fizi Iliyong'arisha Meno

Mwaka jana, hapa Ndera, nililala na jeli ya kung'arisha meno mdomoni ili nipendeze kwenye harusi ya dada. Asubuhi meno yaliingia ganzi. Maji baridi yalinitoa machozi. Peroksidi hupenya jino hadi kwenye kiini chenye neva.

Nilipotafuta asili yake, nilishangaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Arkansas, Marekani, daktari wa meno Bill Klusmier alitumia dawa hiyo kutibu fizi. Akaona meno nayo yamekuwa meupe. Mwaka 1989 Haywood na Heymann walichapisha njia ya nyumbani: kabamaidi peroksidi asilimia 10, chini ya uangalizi wa daktari. Mimi nilichukua dawa, nikamwacha daktari.