Kuongeza moja mbele ama nyuma: alama ya ++ inayowachanganya wanaoanza programu

Kwenye bandari ya Kalundu, kusini kidogo ya mji wa Uvira, boti inayojiandaa kwenda Baraka ama Kalemie inahitaji mtu wa kuhesabu abiria pale penye ubao wa kupandia. Mtu huyo anaweza kufanya kazi yake kwa njia mbili. Anaweza kuandika namba kwenye kaye kwanza, halafu ampitishe abiria. Ama anaweza kumpitisha abiria kwanza, halafu aandike. Boti ikishajaa, njia zote mbili zinafika kwenye hesabu moja. Lakini mtu akimwuliza katikati ya kazi, mguu wa abiria ukiwa bado juu ya ubao, "Kaye yako inasema wangapi?", majibu yatakuwa mawili, na yatapishana kwa mtu mmoja.

Kijana anayeanza kujifunza programu kwa lugha ya C, Java, JavaScript ama PHP anakutana na jambo hilohilo siku za mwanzo kabisa. Mwalimu anaandika ubaoni ++i, kisha anaandika i++, na kusema kwamba zote zinaongeza moja. Ni kweli. Lakini haziko sawa, na tofauti yake ndogo inaweza kuharibu hesabu nzima.

++ ni nini?

Katika programu, namba inawekwa ndani ya kigeu. Kigeu ni kama chombo chenye jina, na kilichomo ndani kinaweza kubadilishwa. Tuseme chombo kinaitwa abiria, na asubuhi hakina mtu:

abiria = 0;

Njia ndefu ya kuongeza mmoja ni hii:

abiria = abiria + 1;

Hapa alama ya = haisemi kwamba pande mbili ziko sawa kama kwenye somo la hesabu. Inatoa amri: chukua kilichomo, ongeza moja, rudisha jibu mulemule. Kwa sababu kazi hiyo inafanyika kila mara, lugha nyingi zimeweka njia ya mkato: ++. Na ndugu yake ni --, anayepunguza moja.

Aliyesoma sarufi ya Kiswahili anajua kwamba kiambishi kinaweza kukaa mbele ya mzizi, kikaitwa kiambishi awali, ama kukaa mwisho, kikaitwa tamati. Alama ya ++ nayo ina makao mawili. Ikikaa mbele, ++abiria, wanaiita prefiksi. Ikikaa nyuma, abiria++, wanaiita postfiksi.

Tofauti iko wapi?

Kila mojawapo inafanya mambo mawili kwa pamoja: inabadilisha kilichomo ndani ya kigeu, na inatoa thamani ambayo sehemu nyingine ya mstari itaitumia. Jambo la kwanza halitofautiani. Tofauti iko kwenye la pili.

Prefiksi inatoa thamani mpya, yaani ile iliyokwisha kuongezwa. Postfiksi inatoa thamani ya zamani, ile iliyokuwepo kabla ya kuongeza.

Mfano wa kutoa tikiti, abiria ikianzia 0:

tikiti = ++abiria;

Hapa abiria inakuwa 1, na tikiti inapata 1. Lakini tukirudi kwenye 0 na kuandika hivi:

tikiti = abiria++;

abiria inakuwa 1 vilevile, ila tikiti inapata 0. Abiria wa kwanza anapewa tikiti namba 0. Anayeshuka Baraka na tikiti namba 12 atadhani alikuwa wa kumi na mbili, kumbe alikuwa wa kumi na tatu.

Mahali ambapo hakuna tofauti

Mstari ukiwa na hiyo amri peke yake, bila kitu kingine kinachongojea jibu, mtu achague anayotaka:

abiria++;
++abiria;

Mistari hiyo miwili inaacha matokeo yaleyale, maana thamani inayotolewa haichukuliwi na mtu yeyote. Hivyohivyo kwenye kitanzi cha for:

for (i = 0; i < 5; i++)

Hapo i++ na ++i zote zitapita kwenye 0, 1, 2, 3 na 4. Wanafunzi wengi wanabishana kwamba ++i itaanzia 1. Hapana. Sehemu hiyo ya tatu inafanyika baada ya kila mzunguko kumalizika, na jibu lake halitumiki popote.

Kuna pia wanaosema kwamba ++i ina mwendo kuliko i++. Kwa namba za kawaida, vitafsiri vya leo vinatengeneza kazi ileile kwa zote mbili ikiwa jibu halitumiki. Usemi huo una maana zaidi kwa C++, pale ambapo kinachoongezwa ni kitu kikubwa kuliko namba: postfiksi inaweza kulazimika kuweka nakala ya kile cha zamani ili iirudishe.

Mahali ambapo mtu mmoja anapotea

Hatari inaingia pale alama ya ++ inapowekwa ndani ya sharti. Tuseme boti inaruhusiwa kubeba watu 40, na programu inamwuliza kila anayefika kama nafasi ipo. Mwanafunzi anaandika:

if (++abiria < 40)

Anayefika wa kwanza: abiria inakuwa 1, na 1 ni ndogo kuliko 40, apite. Inaenda hivyo mpaka wa 39. Anapofika wa 40, abiria inakuwa 40, na 40 si ndogo kuliko 40. Anakataliwa. Boti inaondoka na watu 39, nafasi moja ikiwa wazi, na programu inaonyesha 40.

Mwingine anaandika:

if (abiria++ < 40)

Sasa kinacholinganishwa ni thamani ya zamani. Wa kwanza analinganishwa kwa 0, wa 40 analinganishwa kwa 39, wote wanapita. Wa 41 analinganishwa kwa 40, anakataliwa. Inaonekana sawa, si ndiyo? Lakini ++ haijui kwamba mtu amekataliwa. Imeshaongeza. Ndani ya boti wako 40, na kigeu kinasema 41. Wakija wengine watano na kukataliwa, kigeu kitasema 46. Atakayesoma namba hiyo jioni ataamini boti ilizidisha watu sita.

Dawa yake haina uhodari wowote. Kuuliza kuwe mstari wake, kuhesabu kuwe mstari wake:

if (abiria < 40) {
abiria++;
}

Hapa anayehesabiwa ni yule tu aliyepita. Na kwa kuwa ++ imekaa peke yake, mbele ama nyuma hakuna shida tena.

Kwa watu wa maziwa, hesabu ya abiria si mchezo wa darasani. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, tarehe 21 Mei 1996, na MV Merdi ilipozama karibu na bandari ya Kituku huko Goma, kwenye Ziwa Kivu, tarehe 3 Oktoba 2024, swali la watu wangapi walikuwa ndani lilikuwa gumu kujibu, na makadirio yalipishana. Ajali hizo hazikuletwa na makosa ya programu. Lakini zinaonyesha kwa nini anayeandika programu ya kuhesabu watu, hata kama ni zoezi tu, anapaswa kujua namba yake inasimamia nini: waliofika, waliopita, ama waliokataliwa.

Kosa la kuweka ++ mara mbili

Mstari mwingine unaowatesa wanaoanza ni huu:

i = i++;

Katika Java, i inabaki ilivyokuwa. Thamani ya zamani inashikwa kwanza, i inaongezwa, kisha ile ya zamani inarudishwa ndani ya i na kufuta nyongeza. Mtu anaweza kuzungusha kitanzi mara elfu na i isitoke pale ilipo. Katika C ni vibaya zaidi: sheria za lugha hiyo hazisemi nini kitatokea, basi kitafsiri kimoja kinaweza kutoa jibu hili na kingine jibu lile. Ni hivyo pia kwa mstari unaotumia i na i++ pamoja bila mpangilio unaojulikana. Kanuni ya kushika ni fupi: ukishaandika i++, hakuna haja ya i = mbele yake, na kigeu kimoja kisibadilishwe mara mbili ndani ya amri moja.

Alama hii ilitoka wapi?

Ken Thompson, wa maabara ya Bell huko Marekani, ndiye aliyeitunga, pamoja na --, alipotengeneza lugha ya B karibu na mwaka 1969 na 1970. Mwenzake Dennis Ritchie aliichukua alipoikuza B kuwa C mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kutoka C ikaenea kwenye C++, Java, JavaScript na PHP. Watu wengi wanasema alama hiyo iliwekwa kwa sababu ya mashine iliyoitwa PDP-11, iliyokuwa na njia ya kuongeza moja yenyewe. Ritchie mwenyewe alikanusha: lugha ya B ilipotengenezwa, PDP-11 ilikuwa haijakuwepo. Jina la C++ nalo ni mchezo wa alama hiyohiyo: C iliyoongezwa kidogo.

Si lugha zote zinaipenda. Python haina ++. Mtu akiandika ++x kwenye Python hatapata kosa, na x haitaongezeka, maana lugha inaona alama mbili za jumlisha zilizofuatana tu. Huko wanaandika x += 1. Swift ilikuwa nayo, ikaiondoa kwenye toleo la 3, mwaka 2016. Go imeiacha i++ peke yake, tena kama amri inayosimama kwenye mstari wake: haiwezi kuwekwa ndani ya sharti wala upande wa kulia wa =. Yaani watengenezaji wa Go wamelazimisha kwa sheria ile dawa iliyoelezwa hapo juu.

Kujizoeza bila ordinateri

Umeme ukikatika ama ordinateri ikikosekana, kaye na biki vinatosha. Mwanafunzi anachora safu tatu: amri, thamani inayotolewa, na kilichobaki ndani ya kigeu. Kisha anapita mstari kwa mstari, bila kuruka. Kwa i inayoanzia 5:

i++ inatoa 5, ndani inabaki 6.
++i inatoa 7, ndani inabaki 7.
i-- inatoa 7, ndani inabaki 6.
--i inatoa 5, ndani inabaki 5.

Akimaliza, ajaribu vitanzi hivi viwili, i ikianzia 0 kila mara, na ndani ya kila kimoja amri moja tu ya kuandika i:

while (i++ < 5)
while (++i < 5)

Cha kwanza kinaandika 1, 2, 3, 4, 5. Cha pili kinaandika 1, 2, 3, 4. Anayeona kwa nini cha kwanza hakianzii 0 ameshaelewa jambo linalowapita wengi: postfiksi inatoa thamani ya zamani kwa ajili ya kulinganisha, lakini kufikia ndani ya kitanzi kigeu kimeshaongezwa. Haingojei mpaka mwisho.

Na akikuta programu ya mwenzake yenye ++ katikati ya mstari mrefu, aulize swali lilelile la pale bandarini: huyu ameandikwa kabla ya kupita, ama baada?