Tarehe ya Watu wa Tuala na Wafu Wasio na Makaburi

Kuna neno linalorudiwa Tuala kila shamba linapogombaniwa: Mmasai hana makaburi, na asiye na makaburi hana ushahidi wa kukaa mahali. Madalali wa ploti hulisema, wageni wakalipokea, na sasa hata vijana waliozaliwa hapa hapa, kati ya Rongai na Kitengela, hulisema bila kuona haya. Tarehe hii inaandikwa kulijibu. Ilkaputiei, sehemu ya Wamasai wenye nchi hii, walikuwa na nasaba zao kabla Nairobi haijawa hata kituo cha reli. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Ngong mwaka 1883, aliikuta nchi yao ikiwa na wenyewe na ng'ombe wengi, akaiandika kwa jina la Kapte. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, yaani miaka kumi na sita baadaye.

Ni kweli kwamba babu zao hawakuzikwa. Mtu wa kawaida alipokufa, alipakwa mafuta, akashikishwa nyasi mkononi, akalazwa nje ya boma upande wa mbali ili fisi waje usiku. Haikuwa dharau. Ardhi ilikuwa ya malisho, na kuichimba kumfukia maiti kulihesabiwa kuwa ni kuiharibu. Boma lenyewe lilihama baada ya miaka michache, na mahali pa maiti pakamezwa na nyasi.

Waliozikwa walikuwa wachache: maloiboni, yaani waganga na watabiri, na matajiri wakubwa. Hao walilazwa kwenye shimo la kina kifupi, wakarundikiwa mawe juu, na kila mpita njia akaokota jiwe akalitupia hapo, hata mrundo ukakua mwaka hadi mwaka. A. C. Hollis aliyaandika haya katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu Wamasai, na wazee wa leo bado huyasimulia hivyo hivyo. Kwa hiyo anayetaka kujua ukoo wa Kimasai kwa makaburi ataupata ukoo mmoja tu kwa ukamilifu, nao ni Enkidong'i, nyumba ya maloiboni, katika ukoo mkubwa wa Ilaiser.

Na nyumba hiyo inastahili kusimuliwa kwa kirefu. Wazee husema mwanzilishi wake hakuzaliwa na mwanamke. Watu wa Ilaiser walimkuta mtoto peke yake juu ya milima ya Ngong, wakamchukua nyumbani, na kila alipolala nyasi zikachipua na maji yakatokea hata katikati ya kiangazi. Kutokana na mtoto huyo wakaja maloiboni mmoja baada ya mwingine mpaka Supeet, na Supeet akamzaa Mbatiany, ambaye hakuna aliyemzidi. Mbatiany alitabiri kwamba ng'ombe watakufa, kwamba ndui itafuata, kwamba watu weupe watakuja. Yote yakatimia. Yeye mwenyewe alifariki mnamo 1890, tauni ya ng'ombe ikiingia.

Alikuwa na wana wawili wanaokumbukwa, Sendeyo na Olonana. Mzee alikuwa na jicho moja na siku zake zilikuwa zimekwisha, akamwambia Sendeyo arudi alfajiri achukue vifaa vya uganga. Olonana alikuwa amejificha kwenye zizi la ndama, akasikia kila neno. Kulipopambazuka yeye ndiye aliyetangulia kuingia. Mzee akampa rungu la chuma, pembe, kibuyu na mawe ya kupigia ramli, akidhani ni mkubwa. Sendeyo alipofika akaambiwa baraka imekwisha kutoka. Akaondoka na watu wake kuelekea kusini, upande ambao leo ni Tanzania, na ndugu hao wakapigana kwa miaka mingi mpaka 1902, Sendeyo aliporudi kuomba amani.

Wako wanaosema kisa hiki kiliazimwa kwa wamishonari kutoka katika kisa cha Yakobo na Esau. Hoja hiyo ni dhaifu. Kisa kilikuwa vinywani mwa wazee wenyewe Hollis alipokuja kukiandika.

Kama kaburi ni alama ya kuonyesha mtu alikuwapo, basi nyumba hii imewekewa kubwa kuliko zote. Halford Mackinder alipopanda Mlima Kenya mwaka 1899, vilele vya juu vilipewa majina yao: Batian mita 5,199, Nelion, jina la ndugu yake Mbatiany, mita 5,188, na Lenana, yaani Olonana, mita 4,985. Sendeyo naye ana kilele chake pembeni. Kila anayepanda Lenana leo anakanyaga jina la loiboni wa Ngong, ingawa wengi wao hawajui.

Lakini Ilkaputiei hawaishi kwa Enkidong'i peke yao. Kuna Ilmolelian, kuna Iltaarrosero, kuna Ilukumai, kuna Ilmakesen. Hao, isipokuwa matajiri wachache, hawana mirundo ya mawe wala vilele, na ndio wengi. Nasaba zao zinatafutwa kwa njia nyingine.

Njia ya kwanza ni rika. Mzee wa Tuala akiulizwa babake alizaliwa mwaka gani, hatajibu kwa tarakimu. Atasema babake alikuwa Ilterito. Aliyezoea hesabu hiyo anajua papo hapo kwamba huyo alikuwa morani kati ya miaka ya 1920 na 1940. Zinafuatana: Iltalala, Iltuati, Iltareto, Ilterito, Ilnyangusi, Ilseuri, Ilkitoip, kisha Ilkishumu. Kila rika lilichukua takriban miaka kumi na mitano, na kwa kawaida mwana haingii rika linalofuata la baba yake moja kwa moja. Kwa hiyo mtu akidai kwamba babake alikuwa Ilnyangusi na yeye mwenyewe ni Ilseuri, mzee atatikisa kichwa: pana rika limekosewa, au pana baba wa kupanga. Hakuna cheti cha kuzaliwa kinachombana mtu namna hiyo.

Kuna kikwazo kimoja. Jina la marehemu halitajwi ovyo. Kijana au mwanamke asiye na mtoto akifa, jina lake huachwa, na likitaka kutokea katika mazungumzo hutafutwa neno jingine. Mzee aliyeacha watoto ndiye ambaye jina lake hubaki na kurithiwa, kwa maana wanawe wataitwa kwalo. Matokeo yake ni kwamba nasaba ya kusimuliwa ina watu waliozaa tu. Ndugu waliokufa wakiwa vijana katika ndui na njaa ya miaka ya 1890, ile ambayo wazee huiita Emutai, wamefutika karibu wote. Familia nzima zilikwisha. Waliosalia wakaenda kuishi kwa Wakikuyu na Wakamba, wengine wakaweka watoto wao huko mpaka mifugo irudi. Ndiyo sababu familia nyingi za Kitengela zina wajomba Kiambu.

Njia ya pili ni karatasi. Mwezi wa Agosti 1904 serikali ya Mwingereza iliwakutanisha viongozi wa Kimasai na kuwafanya watie sahihi mkataba wa kuhama Bonde la Ufa, wakabaki na hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini. Olonana anatangulia katika orodha, akiitwa loiboni wa Wamasai wote. Sifa hiyo inakuzwa mno na waandishi. Teremka chini ya jina lake. Hapo pana Lelmurua, wa Kapte.

Lelmurua! Huyo ndiye wa kwetu sisi wa upande huu, na sijui barabara, shule wala soko lenye jina lake. Matapato, sehemu nyingine ya Wamasai, wana majina kadhaa katika mkataba huo, Ilodokilani vilevile. Kaputiei wana lao. Karani aliandika kwa alivyosikia, kama alivyomwandika Ole Gilisho wa sehemu ya Purko kuwa Legalishu, na hapa ndipo watafutaji wengi wanapopotea: wanatafuta jina la babu kwa tahajia ya kitambulisho cha leo. Katika majalada ya wilaya yaliyomo Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lile jengo la zamani la benki karibu na kituo cha mabasi cha Ambassadeur, jina moja laweza kuwa na sura nyingi: na Ole au bila Ole, L ikiwa imegandishwa mbele, irabu ya mwisho imeanguka. Mwenye busara husoma kwa sauti, kwa sikio la Kimaa, ndipo jina humjia.

Mkataba wa pili ni wa tarehe 4 Aprili 1911. Olonana alikuwa amefariki mwezi mmoja tu kabla, na aliyewekwa mbele ni mwanawe Segi, kijana. Serikali ikatangaza kwamba wosia wa marehemu ulikuwa Wamasai wa Laikipia wahamie kusini. Wazee wa Purko hawakuukubali wosia huo wakati ule, na wajukuu wao hawaukubali hata leo. Watu takriban 10,000 walihamishwa na mifugo yao. Ole Njogo na wenzake wakaishtaki serikali, na mwaka 1913 wakajibiwa kwamba mkataba ulikuwa baina ya madola mawili, basi mahakama haina uwezo nao. Wamasai walikuwa dola siku ya kutia sahihi, na siku ya kudai haki wakaambiwa mlango huu si wao. Hata hivyo kesi hiyo imehifadhi majina ya walalamikaji, na kwa mtafuta nasaba hiyo ni mali.

Turudi Tuala, na kwenye makaburi. Kaburi mashuhuri kuliko yote ya upande wa Ngong si la mwenyeji. Ni la Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyeanguka na ndege Voi mwezi Mei 1931, akazikwa mlimani na kujengewa mnara wa jiwe wenye bamba la shaba. Watalii hupelekwa huko.

Makaburi ya wenyeji yalikuja na kanisa, kisha yakaongezwa na hati miliki. Sheria ya ranchi za makundi ilipitishwa mwaka 1968. Ranchi ya Kitengela, yenye hekta zipatazo 18,000, ilisajili wanachama 214, na mwaka 1988 ikagawanywa, kila mmoja akapewa kipande chake. Rejesta ile ya wanachama ndiyo kitabu bora cha nasaba kilichopo upande huu wote. Ina majina ya wazee wenye maboma wa kizazi kimoja, na kila hati ya ardhi iliyokuwa ya ranchi hiyo iliyopo leo kwa msajili wa ardhi wa Kajiado, hata ikiwa ya ploti ndogo ya hamsini kwa mia, ukiifuata nyuma kutoka mgawanyo hadi mgawanyo inafika kwa mmoja wao.

Boma liliposimama mahali pamoja, maiti nayo ikapata mahali pamoja. Sasa kaburi la saruji lenye vigae na msalaba huonekana kwenye kona ya shamba, karibu na ua wa seng'enge. Mnunuzi akija na dalali, hilo ndilo analotafuta kwanza kwa macho, maana shamba lenye kaburi ni gumu kuuzika.

Nguvu hiyo ya kaburi ilionekana waziwazi katika kesi ya wakili S. M. Otieno, na haifai kuipita kimya, kwani ilianzia Kajiado hii hii. Wakili huyo alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, wa ukoo wa Waiyaki, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Maiti ikakaa chumba cha maiti miezi mitano nchi nzima ikibishana, na mchimba kaburi akaitwa kutoa ushahidi. Mahakama ikaamua kwamba Matasia palikuwa na nyumba yake tu. Nyumbani kwake ni Nyalgunga, Siaya, na huko akazikwa tarehe 23 Mei 1987. Kwa nasaba za Kajiado uamuzi huo una uzito wake. Maelfu waliokuja baadaye kununua ploti Kitengela, Rongai na Tuala wamefuata mkondo ule ule: wanaishi hapa, wanazaa hapa, wakifa wanasafirishwa. Miaka hamsini ijayo mjukuu wao akitafuta hapa kwa makaburi atadhani hawakuwahi kuwapo, kama vile wanavyodhaniwa Ilkaputiei leo.

Kwa hiyo atafute barua ya chifu. Mtu akifa ameacha mali, familia huenda kwa chifu wa lokesheni, naye huandika barua ya kuwataja warithi: wake kwa nyumba zao, watoto chini ya kila mama, waliokufa na walio hai. Barua huingia katika jalada la mirathi kortini, na tangazo lake hutoka katika Gazeti la Serikali. Hakuna karatasi nyingine inayoweka mke wa kwanza, wa pili na wa tatu mahali pamoja pamoja na wana wao wote. Mrundo wa mawe wa Enkidong'i hautaji hata mama mmoja.

Na akina mama ndio waliopotea zaidi. Rejesta ya ranchi ilikuwa ya wanaume karibu yote. Mke alihesabiwa ndani ya mume, binti ndani ya baba, mpaka aolewe ahesabiwe kwingine. Sheria ya Urithi nayo imeitaja Kajiado pamoja na Narok na wilaya nyingine kumi ambako mashamba na mifugo ya aliyekufa bila wosia hugawanywa kwa mila, na kwa mila binti hakuandikwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imeagiza wanajamii wote waandikwe, wanawake kwa wanaume. Ranchi ya Kitengela ilikuwa imekwisha kugawanywa miaka ishirini na minane kabla. Mabinti wa wale 214 wanayo barua ya chifu peke yake, na wengi wao bado wako hai Tuala, Isinya na Kitengela, wenye kumbukumbu za mama na nyanya ambazo hakuna karani aliyewahi kuziuliza.