Uko na supabaiki na unapenda kuchapa Kitui na Makueni? Hizi ndizo tairi za kuweka

Kila wikendi utawaona pale Kyumvi. Wengine wanakata kushoto kuelekea Machakos ndio waingie Kitui, wengine wanateremka moja kwa moja na barabara ya Mombasa hadi Makindu. Helmeti kali, jaketi za ngozi, ekzosi zinanguruma hadi mbuzi wanaruka mtaro. Wakisimama kukata kiu, stori ni injini, ni mlio, ni nani alimwacha nani. Tairi? Hakuna mtu anaongelea tairi.

Na hapo ndipo ngori hutokea. Pikipiki ya 1000cc ina uzito wa karibu kilo 200. Ongeza wewe, begi na yale maembe ya Makueni umebeba kupelekea mathe. Huo mzigo wote unashikiliwa na vipande viwili vya mpira, na kila kimoja kinagusa lami kwa ukubwa wa kiganja chako tu. Ukikosea hapo, hata breki za bei ya shamba hazitakusaidia.

Kwa hivyo tulia, tuchambue hii kitu pole pole.

Kwanza, ijue barabara

Tairi nzuri ni ile inafaa barabara unayopita, sio ile umeona kwa video za mbio za MotoGP.

Barabara ya Mombasa ikipita Makueni, yaani Salama, Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi hadi Mtito Andei, ni nyoofu kwa sehemu kubwa. Shida yake ni malori. Uzito wao unabonyeza lami hadi inaacha mifereji ya magurudumu, na dizeli inamwagika hapa na pale.

Halafu kuna ile lami ya kutoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui mjini, halafu inaendelea juu upande wa Migwani. Ni kama kilomita 192 na wasee wa supabaiki wanaipenda kupita kiasi ju magari ni machache. Lakini usidanganyike na huo utulivu. Punda, ng'ombe na mbuzi hawana habari na spidi yako, na mchanga hutoka kando ukatanda juu ya lami, hasa karibu na madaraja na njia za kuingia vijijini.

Ukikata upande wa Wamunyu na Kwa Vonza kuenda Kitui, ama Machakos kupitia Kola hadi Wote, kona zinaongezeka. Hapo ndipo ubavu wa tairi huanza kufanya kazi.

Ongeza jua la Ukambani. Mchana lami inachomeka vibaya sana. Halafu mvua ya Novemba ikianza, yale matone ya kwanza yanachanganyika na vumbi na mafuta ya miezi mingi, na barabara inateleza kama sabuni. Tairi yako lazima iweze hayo yote kwa safari moja.

Aina tatu utakazopata dukani

Ya kwanza ni tairi za mbio zenye ruhusa ya barabara. Mfano ni Pirelli Diablo Supercorsa SP, Michelin Power Cup 2 na Bridgestone RS11. Mpira wake ni laini na meno ni machache. Zikipata joto zinanata kama gundi.

Ya pili ni tairi za spoti za barabarani. Hapa kuna Pirelli Diablo Rosso IV, Michelin Power 5 na Bridgestone S22. Zinapata joto haraka, zinashika kona vizuri, na mvua haziogopi sana.

Ya tatu ni tairi za spoti na safari ndefu: Michelin Road 6, Pirelli Angel GT II, Metzeler Roadtec 01, Dunlop Roadsmart IV. Zina meno mengi ya kutoa maji. Na hasa ile ya nyuma, mpira wa katikati ni mgumu ndio usiishe haraka, halafu wa pembeni ni laini ndio ushike kona.

Sasa kuna msee atakuambia, "Makueni kuna joto bana, weka tu ya mbio, itakuwa imewaka tayari." Hiyo hesabu imekataa. Joto ambalo tairi ya mbio inahitaji linatokana na mpira kukunjwa na kukamuliwa na breki kali na kona kali, mzunguko baada ya mzunguko. Kwa barabara nyoofu ya Emali unatumia katikati tu. Pembeni kunabaki hakujafanya kazi. Ukifika kona ya kwanza ya maana ukalala na pikipiki, unategemea mpira ambao haujaamka.

Kuna jambo lingine. Mpira laini ukichapa kilomita nyingi za mstari mnyoofu unalika katikati unakuwa bapa kama chapati. Tairi ya pikipiki inafaa kuwa mviringo ndio uingie kona polepole. Ikiwa bapa, pikipiki inakataa kulala, halafu ghafla inaanguka ndani ya kona. Tairi ya mbio inaweza kuisha ndani ya kilomita 3,000 hivi. Ya safari ndefu, ukiendesha kwa akili, mara nyingi inapita 8,000.

Soma ubavu wa tairi

Usiende dukani kuambiwa tu "hii ni fiti boss". Soma mwenyewe.

Ukiona 190/55 ZR17 75W, maana yake ni hii. Upana ni milimita 190. Kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya huo upana. R inamaanisha tairi ya radiali, na 17 ni inchi za rimu. Namba 75 ni uzito, yaani kilo 387. W ni spidi ya hadi kilomita 270 kwa saa, na ikiwa W iko ndani ya mabano, inapita hapo.

Mbele, supabaiki nyingi zinavaa 120/70 ZR17. Nyuma inategemea. Yamaha R6 ni 180/55, R1 ni 190/55, na zingine kama Honda CBR1000RR-R zinavaa 200/55. Usiweke pana zaidi ndio ionekane kali kwa picha. Rimu ya inchi 5.5 ni ya 180. Ukiilazimisha ibebe 200, tairi inakunjwa umbo lake na kona zinaharibika. Fuata kitabu cha pikipiki.

Weka mbele na nyuma za aina moja, na fundi ahakikishe mshale wa kuzunguka unaangalia mbele.

Tarehe ya kuzaliwa

Tafuta herufi DOT ubavuni. Namba nne za mwisho ndizo tarehe. 3223 inamaanisha wiki ya 32 ya mwaka 2023. Mpira unazeeka hata kama haujawahi kugusa lami, na jua linaharakisha. Tairi ikifika miaka mitano, ikaguliwe kila mwaka. Ikifika kumi, itupe hata kama meno yamejaa.

Hii ndiyo sababu tairi za mitumba ni kamari. Unaona meno mazuri na bei ya kushuka, kumbe mpira umekauka, na ndani kuna pancha ilizibwa kienyeji. Kwa gari unaweza kuponea. Kwa magurudumu mawili hakuna la tatu la kukushika.

Presha: hapa ndipo wengi hukosea

Supabaiki nyingi zinataka psi 36 mbele na 42 nyuma, lakini hakikisha kwa kibandiko cha pikipiki yako. Pima asubuhi kabla hujatoka, tairi ikiwa baridi. Nunua geji yako, maana za petroli stesheni zingine zinadanganya.

Tuseme umetoka Nairobi na 42 na umesimama Makindu pale hekalu la Masingasinga, lile la tangu 1926 ambapo wasafiri hupata chakula. Ukipima hapo unaweza kupata 46 ama 47. Usipunguze! Ni joto tu. Ukitoa upepo hapo, utakuwa chini ya kipimo, tairi itakunjika kupita kiasi na itachemka zaidi. Na ile presha ya 30 wasee wa mbio hutumia ni ya uwanja wa mashindano, sio ya Mtito Andei.

Miiba na misumari

Ukambani kuna miiba ya migunga na misumari ya malori. Tairi hizi hazina chubu, kwa hivyo beba kifaa cha plagi na pampu ndogo. Mtu wa pancha wa Ikutha ni hodari kwa tairi za boda boda, lakini usitarajie akuwe na 190 kwa rafu.

Tundu dogo la katikati linaweza kuzibwa. Plagi ya kando ya barabara ni ya kukufikisha, polepole, sio ya kurudi na mia mbili. Tundu likiwa ubavuni, mwisho wa stori. Pakia pikipiki kwa pikapu.

Lini ubadilishe?

Ndani ya meno kuna vinundu vidogo, na ubavuni kuna alama ya TWI inayoonyesha vilipo. Mpira ukilingana navyo, umebakisha karibu milimita 0.8. Usingoje hapo msimu wa mvua. Ukiona nyufa, uvimbe ama nyuzi, hiyo safari imeisha kabla haijaanza.

Tairi mpya nayo ina utelezi wake. Kilomita 100 hadi 150 za kwanza, nenda taratibu na uongeze kulala kidogo kidogo.

So uchukue gani?

Kama wewe ni wa Nairobi hadi Kitui na kurudi, ama unazunguka Kibwezi, Mutomo, Machakos, weka ya spoti na safari ndefu. Haitakunyima raha, na mvua ikikupata Kwa Vonza utashukuru. Kama unapenda kona za Wote na huchoki kununua tairi, chukua ya spoti ya barabarani. Ile ya mbio iache kwa siku ya uwanja wa mashindano.

Na hata ukivaa tairi bora duniani, pale sokoni Emali ni kilomita 50 kwa saa. Yule mtoto anavuka kuenda kununua unga hajui uko na Michelin.