Mjumbe na Mpokezi

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Walitambua kwamba mjumbe hana kosa wala sifa katika habari aliyoichukua. Uzito wa habari uko kwa yule aliyeituma na kwa yule anayeipokea. Methali hii ilitungwa kwa ajili ya mambo ya watu, lakini mwili wa mwanadamu nao una wajumbe wake, na historia ya kuwajua wajumbe hao ni historia ya wataalamu waliomkodolea macho mjumbe kwa miaka mingi kabla ya kuuliza kwa bidii ni nani ampokeaye. Kuchelewa kwa swali hilo hakukuwa jambo la vitabuni tu. Wako watu walioulipia kwa maisha yao.

Mwaka 1855 daktari Thomas Addison wa hospitali ya Guy's, London, alichapisha kitabu juu ya maradhi ya tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo mfano wa kofia. Wagonjwa aliowaeleza walikuwa 11. Walilegea bila ya sababu iliyojulikana, mapigo ya moyo yalififia, matumbo yalichafuka, na ngozi iligeuka rangi kama iliyoshikwa na moshi. Walipokufa na kupasuliwa, tezi zile zilionekana zimeharibika, na kwa baadhi yao kilichoziharibu kilikuwa kifua kikuu. Mwaka uliofuata Brown-Séquard, mzaliwa wa kisiwa cha Mauritius, aliwaondolea wanyama tezi hizo, nao hawakuishi. Ikajulikana basi kwamba viungo vilivyodharauliwa kwa udogo wao vilibeba uhai. Ila namna vilivyoubeba ilikuwa fumbo.

Fumbo lilianza kufunguka mwaka 1894. George Oliver, tabibu wa Harrogate, na Edward Schäfer wa London walionyesha kwamba maji yaliyokamuliwa katika tezi hizo, yakitiwa katika mshipa wa mnyama, hupandisha shinikizo la damu kwa nguvu ya ajabu. Mwaka 1901 Jokichi Takamine, mkemia wa Kijapani aliyekaa Marekani, alitangaza kwamba ameitenga dutu yenyewe ikiwa safi, akaiita adrenalini. Miaka 4 baadaye Ernest Starling, katika mihadhara yake ya London, aliipa jamii yote ya dutu hizo jina la homoni, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuamsha au kuchochea. Mjumbe akapata jina, na dunia ikamshangilia.

Mwaka ule ule wa 1905, huko Cambridge, John Langley alisema neno jingine ambalo halikushangiliwa. Alikuwa akichunguza misuli ya kuku. Nikotini ilipoingizwa mwilini, msuli ulikaza. Sumu ya kurare ilipoongezwa, ulilegea. Langley akaikata mishipa ya fahamu iendayo kwenye msuli, akaiacha mpaka ikaoza. Hata hivyo nikotini iliukaza msuli, na kurare iliendelea kuipinga. Kwa hiyo dawa zile hazikutenda kazi katika mshipa wa fahamu. Wala hazikutenda katika nyama yenyewe inayojikunja, kwa kuwa nyama hiyo ilipoguswa kwa umeme iliitika hata mbele ya kurare. Langley alikata shauri kwamba kati ya hizo mbili pana kitu cha tatu katika seli, chenye kazi ya kupokea. Siku hizi kitu hicho huitwa kipokezi.

Jina la mjumbe na wazo la mpokezi ni pacha wa mwaka mmoja, lakini pacha hawa hawakulelewa sawa. Homoni iliweza kutengwa, kupimwa na kutiwa katika chupa. Kipokezi hakikuonekana wala kushikika. Wataalamu wengi walikihesabu kuwa ni namna ya kusema tu, wakaendelea na mjumbe wao.

Hapana budi kukiri kwamba walipata mengi. Mwaka 1911, katika chuo kikuu cha Harvard, Walter Cannon na mwenzake walichukua damu ya paka kabla ya kutishwa na mbwa anayebweka, na tena baada ya kutishwa. Damu ya kwanza haikuzuia kipande cha utumbo kuchezacheza katika chombo. Damu ya pili ilikituliza, kama afanyavyo adrenalini. Hofu, ambayo washairi waliiweka moyoni, ilionekana sasa ndani ya damu. Katika kitabu chake cha mwaka 1915 Cannon alieleza kwamba mwili ulioona hatari hujiweka tayari kupigana au kukimbia: moyo huenda mbio, sukari humwagwa katika damu, na damu huacha matumbo ikaenda kwenye misuli. Mwaka 1936 Hans Selye wa Montreal aliongeza kwamba panya wakipatwa na taabu yoyote, iwe baridi, jeraha au sumu, miili yao huonyesha dalili zile zile: tezi za juu ya figo huvimba, tezi ya thaimasi husinyaa, na tumbo hufanya vidonda. Hali hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa msongo.

Lakini palikuwa na jambo lililowatatiza. Adrenalini moja hubana mishipa ya damu mahali hapa na kuipanua mahali pale; huharakisha moyo, na papo hapo hutuliza utumbo. Vipi mjumbe mmoja alete amri zinazopingana? Mwaka 1933 Cannon na Arturo Rosenblueth walijibu kwamba wajumbe ni wawili, mmoja wa kuchochea na mmoja wa kuzuia. Jibu hili ni funzo kwa kila mwanafunzi wa historia ya elimu. Waliposhindwa kumwelewa mjumbe, waliongeza mjumbe. Mlangoni kwa mpokezi hawakubisha hodi.

Aliyebisha hodi alikuwa Raymond Ahlquist wa Georgia, Marekani. Alizipima dawa kadhaa za jamii ya adrenalini katika viungo mbalimbali na kuzipanga kwa nguvu zake. Alipata safu mbili tu, na dawa iliyokuwa mkiani katika safu ya kwanza iliongoza katika safu ya pili. Akasema kwamba vipokezi ni vya aina mbili, akaviita alfa na beta, na kwamba tofauti ya amri inatoka kwa apokeaye. Jarida la kwanza alilolipelekea makala yake liliikataa. Jarida jingine liliichapisha mwaka 1948. Kwa miaka mingi wachache waliijali, hata James Black, Mskoti, alipoitumia kutafuta dawa ya kuziba vipokezi vya beta ili moyo mgonjwa usisukumwe kupita nguvu zake. Propranololi ilitangazwa mwaka 1964, na mwaka 1988 Black alipewa Tuzo ya Nobel. Kitu kilichodhaniwa kuwa ni namna ya kusema kilianza kuokoa watu.

Wakati huo huo mjumbe mwingine wa tezi zile alikuwa akifundisha somo chungu zaidi. Katika hospitali ya Mayo, Minnesota, daktari Philip Hench alikuwa ameona kwamba wagonjwa wa baridi yabisi hupata nafuu wakishika mimba au wakiugua manjano. Mkemia Edward Kendall, aliyefanya kazi hapo hapo, alikuwa ametenga dutu kadhaa kutoka gamba la tezi za ng'ombe. Mnamo Septemba 1948 moja ya dutu hizo, ambayo sasa huitwa kotisoni na ambayo mwilini hugeuka kuwa kotisoli, ilidungwa kwa mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa hawezi hata kujigeuza vizuri kitandani. Baada ya siku chache alitoka kwa miguu yake akaenda madukani. Magazeti yalitangaza muujiza, na mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Basel walipewa Tuzo ya Nobel.

Muujiza ulikuwa na deni. Waliotumia kotisoni nyingi kwa muda mrefu walivimba uso ukawa mviringo kama mwezi, mifupa ikadhoofika, sukari ikapanda, na maradhi ya kuambukiza yakawapata kwa urahisi. Ngoma ikilia sana hupasuka. Tena palikuwa na hatari isiyoonekana. Mwaka 1952 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha habari za mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa ametumia kotisoni. Baada ya kupasuliwa, shinikizo lake la damu lilianguka lisiinuke, akafa. Tezi zake zilikutwa zimesinyaa. Mtu huyu alikufa karibu na kifo cha wagonjwa wa Addison, na kilichomfikisha huko kilikuwa tiba.

La kusikitisha ni kwamba habari hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa. Mwaka 1937 Dwight Ingle na Kendall mwenyewe walionyesha kwamba panya wakipewa kwa wingi dutu za gamba la tezi, tezi zao wenyewe husinyaa. Jambo lilijulikana, uzito wake kitandani kwa mgonjwa haukupimwa, kwa kuwa macho yote yalikuwa kwa mjumbe na kazi zake njema, na wachache walijiuliza ni nani mwingine mwilini anayemsikiliza.

Msikilizaji huyo ni ubongo. Geoffrey Harris, Mwingereza, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1955 kwamba hipothalamasi, iliyo chini ya ubongo, huiamrisha tezi ya pituitari kwa kemikali zipitazo katika mishipa midogo ya damu. Na mwaka 1981 Wylie Vale na wenzake wa California waliitambua kemikali inayoanzisha amri ya msongo. Pituitari nayo hutuma homoni kwenye tezi za juu ya figo, nazo hutoa kotisoli. Kotisoli hairukii misuli peke yake. Hurudi ubongoni na kwenye pituitari kutoa habari kwamba imefika, na hapo amri hupunguzwa. Kotisoni ya sindano ilitoa habari hiyo hiyo. Ubongo ulisikia kwamba kotisoli ipo tele, ukanyamaza. Na tezi zisizoamrishwa zikalala, hata siku ya kisu ilipofika hazikuamka.

Mwaka 1968 Bruce McEwen wa New York alionyesha kwamba homoni hii hushikwa zaidi katika hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo yenye kazi ya kumbukumbu. Mwaka 1985 Reul na de Kloet wa Uholanzi walieleza kwamba vipokezi vyake ubongoni ni vya aina mbili. Aina ya kwanza huishika homoni kwa nguvu karibu mara 10 kuliko ya pili, hivyo karibu yote imekwisha kujaa hata wakati wa utulivu, nayo hulinda hali ya kila siku. Aina ya pili hujaa homoni inapofurika, na kazi yake mojawapo kubwa ni kuurudisha mwili kwenye amani. Mwaka huo huo maandishi ya urithi ya kipokezi hicho cha pili cha binadamu yalisomwa: hungoja ndani ya seli, na kikishikwa na kotisoli huingia katika kiini na kuamua ni maandishi gani ya urithi yasomwe na yapi yanyamazishwe.

Hivyo ndivyo mpokezi alivyopata heshima yake. Msongo si adui wa mwili. Bila ya kuweza kuitikia taabu, mtu hufa kwa homa ndogo. Adui ni mwito usiokoma, na anayeukomesha ni mpokezi. Kwa sababu hiyo mgonjwa aliyetumia dawa za jamii ya kotisoni kwa muda mrefu huonywa asiziache kwa ghafla, bali apunguzwe kidogo kidogo mpaka tezi zake ziamke. Naye mwenye maradhi ya Addison siku hizi huishi kwa vidonge vya kila siku, akijua kwamba siku ya homa kali au ya kupasuliwa lazima kipimo kiongezwe, maana tezi zake haziwezi kuitikia mwito. Mgonjwa wa mwaka 1855 alikufa kwa kukosa mjumbe, na wa mwaka 1952 alikufa kwa sababu mjumbe wa kuazima aliunyamazisha ubongo. Maisha yamo kati ya wawili hao, mahali ambapo habari hutumwa, hupokewa, na ikiisha kupokewa hunyamaza.