Tundu Lililokosea Mahali

Huko Misri, mtoto wa kiume akizaliwa na govi pungufu, wazee husema ametahiriwa na malaika. Waturuki nao huiita tohara ya mtume. Ni maneno ya kheri, ya kumpokea mgeni kwa furaha. Lakini mkunga mzoefu hamfungi nepi mtoto huyo kabla hajamtazama vizuri, kwa sababu mara nyingi govi la namna hiyo limefunika upande wa juu tu, mfano wa mtandio uliotupiwa kichwani, na tundu la mkojo haliko nchani. Liko upande wa chini. Pengine ni chini kidogo tu ya kichwa cha uume, pengine katikati, na kwa wachache liko kwenye mfuko wa korodani au nyuma yake. Baadhi yao uume wenyewe hupinda kuelekea chini.

Matabibu huiita haiposipadia, jina la Kigiriki alilolitumia Galen katika karne ya 2. Si kasoro adimu: hupatikana kwa takriban mtoto 1 katika kila wavulana 200 hadi 300 wanaozaliwa. Mimba ikiwa changa, kingo mbili za ngozi hukutana upande wa chini wa uume na kufungana kama zipu, kutoka shinani kuelekea nchani. Zipu ikikwama njiani, hapo ndipo tundu linapobaki.

Mwenye kasoro kubwa mkojo humlowesha mapaja akisimama, basi huchutama. Akioa, huenda asipate mtoto. Galen alikwisha kuliona hilo: aliandika kwamba mbegu za mtu huyo hazina ubaya wowote, ila kwa kuwa uume umepinda, hazifiki zinakotakiwa kufika.

Dawa ya zama hizo ilikuwa kisu, tena kisu kisicho na huruma. Heliodorus na Antyllus, wapasuaji wa Kigiriki wa karne za mwanzo, waliona kwamba kama tundu haliendi nchani, basi ncha na iletwe kwenye tundu. Walikata kichwa cha uume chote kilicho mbele ya tundu. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Mwenye kulipa ni mgonjwa. Karne nyingi vitabu vya tiba vilinakili ushauri huo.

Mjini Cordoba, yapata mwaka 1000, Al-Zahrawi alishika njia ya upole zaidi. Katika juzuu la mwisho la kitabu chake Al-Tasrif aliwaeleza wapasuaji namna ya kumhudumia mtoto aliyezaliwa tundu likiwa limeziba: litobolewe kwa kisu chembamba, kisha kiwekwe kijiti cha risasi kwa siku 3 au 4, kikitolewa mtoto anapotaka kukojoa na kurudishwa. Mwaka 1465, katika mji wa Amasya, tabibu Şerafeddin Sabuncuoğlu aliufuata mkondo huo huo katika kitabu cha upasuaji alichokiandika kwa Kituruki na kukipamba kwa picha za rangi za daktari akiwa kazini.

Mgonjwa mashuhuri kuliko wote katika historia hii huenda hakuguswa na kisu kabisa. Henri, aliyekuja kuwa mfalme wa Ufaransa, alimwoa Catherine de' Medici mwaka 1533, wote wawili wakiwa na umri wa miaka 14. Mwaka wa kwanza ukapita bila mtoto, na wa pili, hata ikafika miaka 10. Baraza likaanza kunong'ona kuhusu talaka, na lawama, kama kawaida ya dunia, zikamwangukia mke. Lakini waandishi wengi wa historia ya tiba wanaamini kwamba Henri ndiye aliyekuwa na haiposipadia, na kwamba tabibu Jean Fernel aliwapa wanandoa hao ushauri wa faragha ulioikwepa kasoro. Mtoto wa kwanza alizaliwa Januari 1544. Wengine 9 wakafuata, na wana 3 kati yao walikalia kiti cha ufalme.

Karne ya 19 ndipo wapasuaji walipojaribu kuujenga mrija wenyewe. Johann Friedrich Dieffenbach wa Berlin alitoboa kichwa cha uume kutoka nchani hadi kwenye tundu, akaacha kineli ndani akitarajia kuta zipone na kujivika ngozi. Mwanamke yeyote aliyetogwa masikio anaifahamu mantiki hiyo: kijiti hukaa mpaka tundu likauke. Tofauti ni kwamba sikio halipitishi mkojo. Njia ya Dieffenbach ilijifunga tena.

Jibu la kudumu zaidi lilitoka Paris. Simon Duplay, mwaka 1874, aliigawa kazi kwa awamu: kwanza kuunyoosha uume, baadaye kuviringisha ngozi ya chini kuwa mrija juu ya mpira wa mkojo, mwisho kuunganisha mrija mpya na ule wa zamani. Kufikia 1880 alikuwa amegundua jambo lililoonekana kama uzembe. Ngozi ikiwa haba, si lazima mrija ufungwe mzunguko mzima. Ukiachwa wazi upande mmoja na kufunikwa kwa ngozi ya nje, mwili wenyewe huijaza sehemu iliyobaki. Yaani mpasuaji aanze kazi, mgonjwa aimalize usingizini.

Wengi hawakumwamini. Miaka iliyofuata ikawa ya kutafuta ngozi kila mahali. Nové-Josserand wa Lyon alichukua kipande chembamba cha ngozi ya mwili mwaka 1897. Wengine walikata kwenye mfuko wa korodani, na baadaye wakajua kosa lao vinyweleo vilipoota ndani ya mrija na kukamata mchanga wa mkojo. Kila mwalimu alikuwa na njia yake, na wanafunzi wake wakaibadilisha kidogo na kuipa jina jipya, hata njia zilizoandikwa zikapita 300. Ugonjwa wenye tiba 300 kwa kawaida hauna hata moja ya kujivunia.

Denis Browne, Mwaustralia aliyefanya kazi katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, alilifufua wazo la Duplay mwaka 1949. Aliacha utepe wa ngozi chini, akaufunika, akaelekeza mkojo utokee kwingine kwa muda, na kuzuia nyuzi zisikate ngozi kwa shanga na vipande vidogo vya metali. Njia yake ilisambaa kwa kuwa ilikuwa rahisi. Udhaifu wake ulikuwa fistula, vitundu vinavyovuja pembeni mwa mshono, na watoto wengi walirudishwa mezani mara ya pili na ya tatu.

Shida nyingine ilikuwa mpindo. Mtoto aliyelala kwa dawa ya usingizi uume wake umelegea. Mpasuaji atajuaje kama ameunyoosha? Kwa miaka mingi alikisia tu. Mwaka 1974 Gittes na McLaughlin wa Marekani walieleza hila nyepesi: funga shina kwa mpira, dunga maji ya chumvi, uume usimame, utazame. Ni ajabu kwamba jambo dogo hivyo lilichelewa hivyo.

John Duckett wa Philadelphia ndiye aliyelipa govi heshima yake. Mwaka 1980 alionyesha namna ya kukata ngozi ya ndani ya govi pamoja na mishipa yake ya damu, kuizungushia chini na kuifanya mrija kwa safari moja ya mezani. Kisha, mwaka 1994, Warren Snodgrass, naye Mmarekani, akaacha hata govi. Alipasua ufa katikati ya utepe wa ngozi ulio mbele ya tundu, ufa ukaupa upana wa kuviringishwa, na jeraha la ndani likaachwa lijivike lenyewe. Wazo la Paris la 1880 lilikuwa limerudi. Leo hiyo ndiyo njia inayotumika zaidi kwa kasoro ndogo, na madaktari wengi hupendelea kuifanya mtoto akiwa na miezi 6 hadi 18.

Ndogo kiasi gani, hata ihitaji kisu? Mwaka 1995 wataalamu wa Ujerumani walichapisha matokeo ya kuwachunguza wanaume 500 waliofika kwa maradhi mengine. Waliwakuta 65 wenye haiposipadia, wengi wao bila kujijua; karibu wote walikuwa wakikojoa wima na wamezaa watoto. Mwaka 2015, miaka 20 baadaye, Malta ilipitisha sheria inayozuia upasuaji wa maumbile ya jinsia kwa mtoto pale unapoweza kusubiri akue aamue mwenyewe, na mabishano kati ya wapasuaji na watetezi wa haki yangali moto.

Afrika Mashariki swali hulijia govi kwanza. Palipo na desturi ya kutahiri watoto wachanga au kuwapeleka jandoni, kisu cha tohara kinaweza kumfikia mtoto kabla ya mpasuaji, na kuiondoa ngozi ambayo huenda angeihitaji. Ndiyo maana miongozo ya tohara ya hiari, iliyoenea baada ya Shirika la Afya Duniani kuipendekeza mwaka 2007 kwa kinga ya VVU, humtaka mhudumu atazame tundu la mkojo kabla ya kukata chochote. Akilikuta chini, asitahiri, ampe rufaa.

Aliyekwisha tahiriwa naye ana mlango. Mwaka 1941, London, Graham Humby alikata ngozi laini ya ndani ya mdomo na kuishonea mrija wa mkojo. Haina vinyweleo, imezoea majimaji, na mdomo hupona upesi. Ilisahauliwa karibu nusu karne, kisha ikarudi. Siku hizi kipande hicho hushonwa chini ya uume na kuachwa wazi kishike, na miezi 6 hivi baadaye mtoto hurudi mezani ili kiviringishwe kuwa mrija.