Mvutano wa Uso

Mtu akijaza bilauri maji mpaka ukingoni, kisha akatumbukiza sarafu moja moja kwa taratibu, ataona maji yakipanda juu ya ukingo na kufanya kilima kidogo, wala yasimwagike, ingawa chombo kimekwisha kupita kiasi chake. Sababu ya ajabu hii wanazuoni wa fizikia huiita kwa Kiswahili mvutano wa uso, nayo yastahili kuelezwa kwa utuo, kwani hutamkwa madarasani na wengi ambao hawajapata kubainishiwa maana yake.

Maji ni mkusanyiko wa molekuli, chembe ndogo mno, na kila moja huvutana na jirani zake. Ile iliyo katikati huvutwa pande zote kwa usawa. Bali ile iliyo juu kabisa, maadamu juu yake hapana ila hewa, huvutwa zaidi kwa ndani, na kwa hivyo maji hujikusanya ili uso wake uwe mdogo iwezekanavyo. Ndiyo maana tone dogo huwa la mviringo, na sindano iliyolazwa kwa uangalifu huelea juu ya maji, ijapokuwa chuma ni kizito kuyashinda. Kadiri ya nguvu hiyo, kwa maji safi ya nyuzi 20 za selsiasi, ni nyutoni 0.073 hivi kwa kila mita. Sabuni ikiingia, hushuka hata chini ya nusu. Bibi Agnes Pockels wa Ujerumani, ambaye hakupata kusoma chuo kikuu, aliichunguza nguvu hiyo jikoni kwake kwa chombo alichokibuni mwenyewe, na barua aliyomwandikia mwanafizikia Lord Rayleigh ilichapishwa mwaka 1891 katika jarida la Nature.

Wako waipendao zaidi tafsiri ya "ngozi ya maji". Nami naona hiyo yapotosha. Ngozi ya ngoma ikizidi kuwambwa huzidi kukaza, lakini uso wa maji ukipanuliwa haukazi zaidi, kwa sababu molekuli mpya hupanda kutoka ndani na kujaza nafasi. Wala hapana utando wowote uwezao kubanduliwa, bali ni maji yale yale. Neno "mvutano", kinyume chake, lasema kweli yenyewe, kwa kuwa kiambishi cha kutendana kimekwisha kutujulisha kwamba kila chembe yavuta na kuvutwa.

Ama maji yanaporudi nyuma ya mdomo wa birika na kulowesha meza, mvutano wa uso hautoshi peke yake kuwa sababu: yategemea pia jinsi maji yanavyong'ang'ania mdomo ulioloa, na mwendo wa kumimina. Ukimimina polepole hutambaa. Ukimimina kwa kasi hujitenga. Mdomo wenye ukingo mkali huyakata upesi, nao wa mviringo mnene huyapa njia ya kushukia.

Nikirudi kwenye jina lenyewe, kwa kuwa baadhi ya waandishi huita nguvu ya ardhi mvutano pia, nawasihi walimu na watungaji wa vitabu wasilidondoshe neno "uso" kwa kufupisha, na nguvu ya ardhi waiite mvuto, ili mwanafunzi asichanganye kinachoangusha tone na kinacholiumba.