Akiba Haiozi: Historia ya Stima Yetu Kutoka Jinja Hadi Suswa

Leo naweka kando mambo ya programu nizungumzie stima, maana bila stima tarakilishi ni sanduku tu.

Siku hizi kila mkutano wa kawi una maswali mawili. La kwanza, je, stima itapatikana kila siku bila kukatika? La pili, je, itapatikana bila kuchoma mafuta na makaa ya mawe? Wengi huyaona maswali haya kama fahali wawili wasioweza kukaa zizi moja. Ukisoma historia ya Afrika Mashariki unapata picha nyingine. Hapa kwetu maji ndiyo yaliyobeba mzigo mkubwa kwa miaka mingi, na mara nyingi moshi umeingia pale maji yalipotuangusha.

Mtu yeyote anayetunza sava anajua kanuni moja: nakala ya akiba haiwekwi kwenye diski ile ile. Diski ikifa, vyote vimekwenda. Shikeni kanuni hiyo, tutaihitaji.

Tuanze Jinja. Mwaka wa 1954 Malkia Elizabeth II alifungua bwawa la Owen Falls, pale Nile inapotoka Ziwa Victoria. Uganda ilikuwa na stima kuliko wateja, na Kenya ilikuwa na viwanda vinavyokua. Mwaka uliofuata pakawa na mkataba: Uganda iiuzie Kenya megawati 30 kwa miaka 50. Kufikia 1958 stima ya Jinja ilikuwa inafika Nairobi kwa waya wa kilovolti 132 kupitia Tororo. Yaani tulikuwa tukigawana kawi safi kuvuka mpaka kabla hata ya uhuru.

Kisha siasa zikaingia. Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda, na waya ule ulikuwa unapita huko huko. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Kwa serikali nyingi za wakati ule, usalama wa kawi ulikuwa na maana moja: uwe na chako. Kenya ilikuwa imeshaanza kujenga mabwawa ya mto Tana, na ikaendelea: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988.

Sasa ihesabu hiyo orodha. Mabwawa matano, mto mmoja. Kwenye karatasi ni vituo vitano. Kwa mtu wa sava ni diski moja yenye folda tano. Uganda nayo ilipoongeza kituo cha Kiira mwaka wa 2000, ilikiweka Jinja kando ya kile cha zamani, kikinywa maji ya ziwa lile lile.

Ukame haukukawia. Mwaka wa 2000 Kenya ilikuwa na mgao mkali wa stima, na jenereta za dizeli za kukodi zikaletwa haraka. Mwaka wa 2005 na 2006 kina cha Ziwa Victoria kilishuka sana, kwa sababu ya ukame na pia kwa sababu maji mengi yalikuwa yameachiliwa kupita mitambo ya Jinja. Uganda ikaingia gizani na kukodi jenereta za dizeli. Kenya na Tanzania nazo zilitafuta mitambo ya kukodi kipindi hicho hicho. Huko Tanzania mkataba wa Richmond uligeuka kashfa, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Nchi tatu, ukame mmoja, dawa moja ya bei ghali. Jirani hangeweza kumsaidia jirani kwa sababu wote walikuwa chini ya wingu moja.

Ndiyo maana napenda kumbukumbu ya 2005. Mwaka huo nchi saba (Burundi, Kongo, Misri, Ethiopia, Kenya, Rwanda na Sudan) zilianzisha ushirika wa stima wa Afrika Mashariki, makao yake Addis Ababa. Wazo lenyewe halikuwa geni. Burundi, Rwanda na Kongo (wakati huo Zaire) zilikuwa tayari zinagawana kituo cha Ruzizi II tangu 1989. Kilichokuwa kipya ni ukubwa wa eneo, na ukubwa huo unaleta kitu muhimu: kalenda tofauti za mvua. Nyanda za juu za Ethiopia hupata mvua kubwa Juni hadi Septemba. Kenya hupata mvua ndefu Machi hadi Mei na fupi Oktoba hadi Desemba. Bonde la Rufiji kule Tanzania hupata yake kuanzia Novemba hadi Aprili. Ongeza Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umezalisha stima tangu 1981 bila kuuliza habari za mawingu. Hapo ndipo unapata diski tofauti kweli.

Waya mkubwa ulikamilika. Mwaka wa 2022 Kenya ilianza kupokea megawati 200 kutoka Ethiopia, kwa njia ya kilomita 1,045 kutoka Sodo hadi Suswa iliyojengwa kubeba hadi megawati 2,000. Njia hii hutumia mkondo mnyoofu wa kilovolti 500, kwa hiyo gridi mbili zinauziana stima bila kulazimika kwenda mdundo mmoja. Ni kama programu mbili zinazobadilishana data bila kuingiliana ndani. Lakini tusisahau kwamba mabwawa ya mto Omo nchini Ethiopia yana gharama: mto huo ndio unaoleta maji mengi ya Ziwa Turkana, na wavuvi na wafugaji wa huko hawakai kwenye meza ya mkataba wa stima.

Basi tumemaliza kazi? Bado. Ijumaa ya tarehe 6 Septemba 2024, asubuhi, njia inayoleta stima ya upepo kutoka Loiyangalani ilijikata pale Suswa ikiwa imebeba megawati 288. Mara njia ya Ethiopia nayo ikajikata, na megawati 200 nyingine zikapotea. Jumla 488, karibu moja ya tano ya mahitaji ya kilele ya Kenya. Gridi inataka uzalishaji na matumizi vilingane kila sekunde. Pengo la ghafla namna hiyo likikosa wa kuliziba, mitambo mingine huanza kujizima ili isiharibike. Sehemu kubwa ya nchi ikakosa stima.

Angalia kilichotokea. Upepo wa Turkana na maji ya Ethiopia ni diski mbili tofauti kabisa, lakini tulizichomeka kwenye soketi moja. Siku hiyo hakukuwa na ukame wa kulaumiwa. Kilichokosekana ni akiba ya papo hapo: mashine inayosubiri tayari, betri kubwa, au njia ya pili isiyopita Suswa.

Desemba 2024 njia ya Kenya na Tanzania ya kilovolti 400, kutoka Isinya hadi Singida, ilikamilika. Tanzania nayo imejenga bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 kwenye Rufiji. Hata hivyo, Rais Samia alipotangaza Machi 2025 kwamba kaskazini mwa nchi ingenunua stima ya Ethiopia kupitia Kenya, kwa kuwa umeme wa kusini hupotea sana njiani, wengi walikasirika: tuna bwawa letu, kwa nini tununue? Ni swali la 1976 limevaa nguo mpya. Na si swali la kijinga, kwa sababu jirani anaweza kubadilika.

Ila historia imeshatuonyesha kwamba mwenye chake peke yake ndiye aliyeishia kukodi dizeli. Kinachotakiwa ni majirani wenye mvua tofauti, njia zaidi ya moja ya kufika kwao, na mkataba unaosema wazi nani anaweka mashine tayari na nani anailipa hata mwezi ambao haikuwashwa. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu hakuna mwanasiasa anayekata utepe wa mashine inayosubiri. Wahenga walisema akiba haiozi. Kwenye gridi akiba hiyo ina bili ya kila mwezi, na tukikataa kuilipa, ukame ujao tutailipa kwa bei ya dizeli.